Siku Ishirini na Nane za Emanueli

Mliobaki ofisini mmenisumbua tangu wiki ile ya kuniaga: Mama Upendo, andika, andika kabla hujasahau. Haya, naandika. Ila mnisamehe mapema, vyeo sitavitaja na mishahara ndiyo kabisa, maana vyeo vinachosha kusoma na mishahara inatia huzuni. Nitaandika juu ya kuchelewa. Miaka yote niliyokaa kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi hapa Babati, kazi iliyonitoa jasho haikuwa migomo wala vikao na waajiri. Ilikuwa kuwaombea watu waliochelewa wapewe muda wa kukata rufaa. Mtu ameumia kazini, ameandikiwa kwamba fidia hapati, na siku za kupinga uamuzi zimempita hivi hivi. Anakuja kwangu akiwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nane, ananiambia, mama, nisaidie. Huyo ndiye alikuwa mtu wangu wa kila msimu.

Nilifika Babati kutoka Singida na sanduku la bati na cheti cha uchapaji, enzi hizo Manyara haijawa mkoa na kila kitu tulikifuata Arusha. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na barua zetu zote zilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Katibu wetu alikuwa Mzee Lazaro, Mmbulu mrefu, mkimya, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Siku ile ya kwanza hakuniuliza hata kama najua kuchapa. Alinipa muhuri wa tarehe, pedi ya wino na rundo la bahasha kuukuu, akaniambia nizigonge mpaka atakaporudi. Aliporudi alizikagua moja moja kama mtu anayechambua mbegu. Mbili wino ulikuwa hafifu, akanirudishia nirudie zote. Nikajisemea moyoni, jamani, nimeacha kwetu nije kugonga bahasha?

Jioni akanieleza, na maelezo yake yalikuwa mafupi. Karatasi ikiingia, igonge muhuri kabla hujaisoma, kwa sababu ukishaanza kusoma utahurumia, na ukihurumia utasahau muhuri. Bahasha usitupe, hata kama imechanika, maana muhuri wa posta uko kwenye bahasha, barua yenyewe haina. Kisha akasema maneno ambayo nimewarudia ninyi nyote mpaka mkawa mnaniigiza nikigeuka, mnadhani sisikii. "Mahakama haisikii kilio, binti yangu. Inasikia tarehe." Nilimwona mzee mwenye roho ngumu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilidhani huruma ndiyo kazi.

Nililipa ada ya ujinga huo mapema. Alikuja mjane mmoja, Mama Theresia, mumewe alikuwa utingo wa lori lililopinduka kwenye mteremko wa kwenda Mbulu. Fidia ilikataliwa, na mama wa watu alichelewa kupinga kwa siku tisa tu. Mzee Lazaro alikuwa safarini, nikaandaa maombi mwenyewe. Sababu ya kuchelewa niliiandika kwa sentensi moja, kwamba mwombaji alikuwa katika majonzi makubwa ya kuondokewa na mume. Niliisoma mara tatu kabla ya kuituma, kwa jinsi nilivyoipenda. Tulipofika mbele ya jaji, akavua miwani akaniuliza, majonzi ya siku gani? Ya Jumatatu, au ya Jumanne? Akaeleza kwa upole kabisa kwamba anayeomba kuongezewa muda lazima aeleze kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine, na siku tisa hazielezwi kwa neno moja. Maombi yakatupwa.

Mzee Lazaro hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alitoa ukutani kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, akazungushia kalamu nyekundu makasha ya zile siku tisa, akaniuliza nimeyajaza na nini. Nikasema majonzi. Akasema majonzi hayajazi hata kasha moja. Baadaye nikamwuliza mjane taratibu, siku kwa siku, nikakuta siku tatu alikuwa kwenye kikao cha ukoo, mbili kituo cha polisi akifuatilia ripoti ya ajali, nne mtoto amelazwa hospitali na karatasi za hospitali anazo kwenye mkoba. Vyote vilikuwepo. Mimi ndiye sikuuliza. Nililia chooni nikajipiga maji usoni nikarudi mezani. Mama Theresia alirudi kwao na watoto watatu mikono mitupu, na mpaka leo nikisikia jina hilo limeitwa popote, nageuka kuangalia.

Tangu hapo kila aliyechelewa nilimkalisha mbele ya kalenda. Hatusemi "nilikuwa naumwa". Tunasema Jumanne ulikuwa wapi, na nani alikuona, na huyo aliyekuona yuko tayari kuapa? Hilo la mwisho nawasisitizia ninyi vijana wa kompyuta. Ukiandika kwenye kiapo chako kwamba fulani alikufanyia hivi, fulani naye aje na kiapo chake, la sivyo yatakuwa maneno ya kusikia tu. Mmezoea kupakia nyaraka kwenye mfumo mkiwa mmekaa, mnaona kazi imekwisha. Mfumo hauendi kijijini Mutuka kumtafuta shahidi. Ni wewe na bodaboda yako.

Sasa niwaeleze kesi ya Emanueli, ya mwaka wangu wa mwisho kabla sijastaafu, kwa sababu wengi wenu mnaijua mwisho wake tu, mnanipongeza kwa kitu msichokijua.

Emanueli Bura alikuwa mbeba magunia kwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa mjini. Siku hiyo mkanda wa mashine ulikwama kwa makapi, msimamizi akamwambia atoe yale makapi haraka ili kazi iendelee. Akaingiza mkono, mtu mwingine akawasha. Mkanda ulichukua vidole vinne vya mkono wa kulia, kikabaki kidole gumba. Mwajiri alipojaza fomu aliandika kwamba ilikuwa muda wa mapumziko, na kijana alikuwa anachezea mashine isiyomhusu. Ofisi ya fidia ikaamua kwa karatasi zilizokuwa mbele yake: hakuumia akiwa katika shughuli za kazi yake, kwa hiyo hapati kitu. Kwa mtu wa miaka thelathini na moja, mwenye mke, mtoto mmoja na heka moja ya mahindi, uamuzi huo ulikuwa ni kumwambia akae mlangoni alishwe mpaka afe.

Aliingia ofisini kwangu Jumatatu asubuhi na mkewe Naomi. Nikaigonga muhuri barua yao ya kunyimwa fidia, nikasoma. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita siku nyingi. Nikamwuliza barua ameipata lini, akasema juzi, Jumamosi. Nikamwomba bahasha. Naomi akaitoa kwenye kitenge, safi, haijapinda hata kona, nikatamani kumkumbatia. Muhuri wa posta ya Babati ulionyesha barua ilifika karibu miezi miwili nyuma. Na anuani ilikuwa sanduku la posta la parokia, kupitia kigango cha Mutuka, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia.

Hapa lazima mwelewe watu wa huku wanavyopata barua. Mkulima wa Mutuka hana sanduku la posta. Tangu shule ya msingi anatumia sanduku la parokia. Katekista akija mjini anachukua barua za watu wake, na Jumapili baada ya misa, kwenye matangazo, anaita majina. Mwenye jina anasimama anapokea mbele ya watu wote, kila mtu anajua fulani kaandikiwa na Serikali. Emanueli alipojaza fomu ya fidia alijaza anuani aliyoijua maisha yake yote. Namba ya simu aliyoandika ilikuwa ya simu aliyoiuza wakati wa matibabu. Ila kuna jambo ambalo fomu haikuuliza. Alikuwa ameoa Mlutheri, amefunga ndoa usharikani, amehamia Nangara na anasali na mkewe. Jina lake lilikuwa linaitwa Mutuka kwenye kanisa asilokanyaga.

Nikauliza, kwani nyumbani Mutuka hakuna mtu wa kukuchukulia? Wakatazamana. Naomi akajibu kwa sauti ndogo kwamba baba mkwe yupo, Mzee Bura, na ndiye mwenyekiti wa kigango. Hawajazungumza tangu ndoa. Barua wameipata kwa sababu katekista alikutana na Naomi mnadani Ijumaa akiwa anauza vitunguu saumu, akamgombeza, mbona mumeo hajali, barua ya Serikali inazeeka kabatini. Naomi akamwambia mumewe jioni ile ile, na kesho yake Emanueli akaenda kuichukua.

Nikashusha kalenda ukutani. Kutoka siku ya mwisho ya rufaa mpaka Jumamosi aliyoipata barua, siku kumi na tisa. Nikawaambia, hizi kumi na tisa na zote zitakazofuata mpaka tufungue maombi, kila moja lazima iwe na mwenyewe.

Jumanne nilipanda bodaboda hadi Mutuka kwa Katekista Paskali. Ni mtu wa utaratibu, Mungu ambariki. Akanitolea daftari la matangazo la kigango, Jumapili kwa Jumapili, kwa mwandiko wa kuchora. Mama fulani amepoteza mbuzi mweusi mwenye baka. Jumuiya fulani zamu ya kufagia. Barua: Emanueli Bura. Wiki inayofuata: Barua: Emanueli Bura, mara ya pili, hajatokea. Ikaenda hivyo mpaka mara ya saba. Nilitaka kuruka. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijawahi kupewa ushahidi wa siku uliotunzwa vizuri namna ile. Kisha nikaona kitu chini ya kila ukurasa. Matangazo ya kila Jumapili yalikuwa yamesainiwa na mwenyekiti wa kigango, na sahihi ilikuwa ya Mzee Bura.

Nikakaa chini. Wakili yeyote wa upande wa pili angeifikia sahihi hiyo kabla hajamaliza chai yake. Angesema baba mzazi alisikia, alisaini, familia ilijua, wamelala kwa uzembe wao. Dawa ilikuwa moja tu. Mzee Bura mwenyewe aape kwamba alijua, mwanawe hakujua, na yeye hakumwambia.

Jumatano paroko alirudi kutoka safari ya vigango, akaruhusu daftari litolewe. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Mzee Bura. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwa mikono uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika vizuri, mkewe akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikamweleza. Alinisikiliza bila kuacha mahindi. Nilipomaliza akasema yeye ni mwenyekiti wa kanisa, hawezi kwenda kuapa mbele ya watu kwamba alimficha mtoto wake barua.

Nikamwambia, "Hukumficha, mzee. Ulimsubiri."

Mahindi yakasimama. Nilikuwa nimebahatisha tu, ila uso wake uliniambia nimegonga penyewe. Alikuwa amekaa benchi la mbele Jumapili saba, anasikia jina la mwanawe linaitwa, na kila mara anageuka kidogo kutazama mlango. Aliamini hakuna mtu anayeiacha barua ya Serikali, mwanawe atasikia kwa majirani, atakuja kuichukua, na akija kuichukua atakuwa amekuja kanisani. Ndiyo mpango wake mzima. Hakujua ndani ya bahasha kuna saa inayokimbia. Hata hivyo akakataa. Alhamisi nikarudi, akakataa tena, safari hii bila maziwa. Nilikasirika, siwafichi. Nilishuka Mutuka nikimsema peke yangu mgongoni mwa bodaboda, mpaka dereva akauliza kama nataka kusimama. Nilikuwa namwona Mama Theresia mbele yangu na watoto wake watatu.

Ijumaa nikaanza kuandaa viapo vya wengine. Kisha, kwa ukaidi wangu, nikaandaa na rufaa yenyewe, kamili, kana kwamba muda tumeshapewa. Mwenzangu mmoja aliniuliza mama unapika ugali kabla ya kuchota maji? Nikamwambia apige mihuri, aache maneno.

Jumamosi karibu saa nne nikasikia hodi. Mzee Bura amesimama mlangoni, koti la kanisani, kofia mkononi. Nikampa kiti. Alisema jana alikwenda Nangara kwa mwanawe bila kuaga mtu, kwa mara ya kwanza tangu wahamie. Hakubisha hodi kwanza, alisimama kwenye ua wa minyaa. Alimwona Emanueli anafunga mbuzi. Kamba ameishika kwa mkono wa kushoto, upande mwingine ameuuma kwa meno, anavuta, mbuzi anavuta, kamba inachomoka, anaanza upya.

"Tangu akatwe sikuwa nimeuona ule mkono," akasema. "Nilimwona mtoto wangu anafunga mbuzi kwa meno. Andika, mama. Andika yote."

Nikaandika. Alitaka nimsomee kila aya kwa sauti, na alinisahihisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba Jumatano na Alhamisi yeye "hakupatikana". Akasema hapana, nilipatikana, nilikuwepo nyumbani, nilikuwa nakataa, andika nilikuwa nakataa. Nimeandaa viapo sijui vingapi, huyo ndiye mtu pekee aliyeniomba nimwandike vibaya zaidi. Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu asubuhi wote wakaapa mbele ya wakili, na saa sita mchana maombi yakapokelewa mahakamani. Siku ishirini na nane za kuchelewa, na kila kasha la kalenda limejaa.

Siku ya kusikilizwa, Emanueli alikaa benchi la nyuma na Naomi, mkono ameuficha chini ya koti. Alinong'ona akaniuliza, mama, wakikataa leo ndiyo basi kabisa? Nikamwambia ukweli, kwamba wakikataa leo hakuna atakayesikiliza habari ya mkono wake tena, milele. Sikuwahi kuwadanganya watu wangu kwa hilo.

Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana nadhifu, ana kitu kichwani. Hoja yake ilikuwa nzuri. Barua ikifika kwenye anuani uliyoitoa mwenyewe, imekufikia, na kama hukwenda kuichukua ni juu yako. Kisha akafungua daftari la kigango, akaonyesha zile sahihi. Aliomba Mzee Bura asimame ahojiwe juu ya kiapo chake. Mzee akasimama, akajishika kwenye ukingo wa kizimba.

"Ulisikia jina la mwanao likiitwa mara ngapi?"

"Mara saba."

"Na mara saba ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Wakili akamgeukia jaji, akasema hapo ndipo penye uzembe, na sheria haimsaidii aliyelala. Akataka kukaa. Mzee akaomba kusema. Jaji akamruhusu.

"Mheshimiwa, mimi nimeishia darasa la nne. Lakini nimesikia hapa mnahesabu siku. Hizo za daftari ni zangu. Jumatano na Alhamisi ni zangu. Mwanangu hana hata moja hapo. Mashine imeshamkata, msimkate tena kwa kosa langu."

Jaji alikuwa mama mtu mzima, akainamisha kichwa kwenye lile daftari, akafungua kurasa polepole, na nadhani alisoma mpaka habari za mbuzi mweusi, maana midomo yake ilicheza kidogo. Alitupa tarehe ya uamuzi wiki iliyofuata. Wiki ile sikula chakula kikashuka. Mume wangu alinisema kwamba nimestaafu akilini kabla ya barua.

Uamuzi ulisomwa Alhamisi asubuhi. Jaji alisema ni kweli anuani ni ya mwombaji, na kwa hilo pekee maombi yangeanguka. Lakini amepewa hesabu ya kila siku, kila siku ina mtu aliyeiapia, na mmoja wa watu hao ameapa dhidi ya heshima yake mwenyewe, jambo ambalo mwongo hafanyi. Mwombaji alipopata barua hakulala hata siku moja. Maombi yamekubaliwa, rufaa ifunguliwe ndani ya siku kumi na nne.

Siku kumi na nne! Nilikuwa na rufaa kwenye mkoba, imechapwa, imesainiwa, nakala tatu. Nilishuka ngazi za mahakama na magoti haya mabovu nikafika masjala, nikaiweka mezani. Yule wakili kijana alikuwa bado uwanjani anatafuta ufunguo wa gari lake nikampelekea nakala yake. Akaitazama tarehe, akanitazama mimi, akasema, "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba kwa sauti ya kutosha kusikika Mutuka.

Rufaa yenyewe ilichukua miezi, ila haikuwa na jasho kama hilo. Wabeba magunia wawili waliokuwa zamu siku ile walikuja wakaapa kwamba walimsikia msimamizi akimwamuru, na kwamba kengele ya mapumziko ilikuwa haijalia. Msimamizi mwenyewe alipobanwa akakiri. Ikaandikwa kwamba Emanueli Bura aliumia akiwa kazini, akifanya alichotumwa, na fidia anastahili, ya mkono na ya kila mwezi. Aliposoma neno "kazini" alikaa kwenye ngazi akalia kama mtoto, na mimi nikalia, na safari hii sikwenda kujificha chooni. Nililia hapo hapo, palipojaa watu, na nilifurahi mno.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilimsindikiza kwenye ofisi ya fidia kukamilisha karatasi. Alikuja na Naomi na baba yake. Dirishani alikuwepo binti mmoja makini, akampa fomu asaini. Emanueli akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, kama alivyojifunza mwaka mzima kwenye madaftari ya mwanawe, akasaini polepole, ulimi nje. Binti akalinganisha na kitambulisho, akatikisa kichwa, akasema kwa adabu kwamba sahihi hizi hazilingani, kwa hiyo hawezi kupitisha.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanza kugomba. Sikuhitajika. Emanueli akautoa mkono wa kulia kwenye koti, akauweka juu ya meza ya dirisha, wazi, mbele ya foleni yote.

"Ile ya kwenye kitambulisho niliiandika kwa huu, dada," akasema. "Ndiyo huu mnaoulipa."